Tupeane uzoefu: umewahi kurudi kwenye ufukwe uliokulea ukaukuta si ule?

Mwana wa Konde

Assalaam alaikum ndugu zangu. Nafungua uzi huu kwa sababu ya Vumawimbi, kaskazini ya Pemba, na nataka na nyinyi mseme ya kwenu.

Nimelelewa na bibi Konde. Siku za likizo tukikatisha msitu wa Ngezi kwa miguu, watoto watano sita na mtu mzima mmoja mbele. Mle ndani kuna ubaridi na kiza, mivule imekwenda juu mpaka shingo inauma kuitazama. Unatembea hivyo, mara unausikia mvumo, na bado huoni kitu. Kisha miti inakwisha ghafla na mchanga umelala mweupe kutoka huku hadi huko. Ukifuata rasi hadi ncha unakuta mnara wa Kigomasha, wa chuma, uliosimamishwa 1900 kuongoza vyombo.

Niliondoka 2004 kwenda Dar, maisha yakanishika huko huko. Nikarudi Julai 2022 na mke wangu na watoto wawili. Njia nzima nawasifia pwani hii. Tukafika saa kumi alasiri, siku ya mwezi mpevu. Mchanga hakuna! Maji yamefika kwenye mizizi ya mivinje, kusi inapiga usoni, majani ya bahari yamerundikana yananuka, mwanangu mdogo ananishika mguu kwa hofu. Nikasema basi, bahari imeshaila Vumawimbi yetu. Nilirudi Konde nimenyamaza, na mke wangu akaniacha ninyamaze.

Usiku nikamweleza ami yangu, mvuvi tangu ujana wake. Akaniuliza swali moja: "Mwezi ngapi leo?" Nikamwambia. Akasema, "Bamvu, na kusi, na saa kumi. Umekwenda kumtembelea mtu saa ambayo hayupo nyumbani."

Hapo ndipo nilipoelewa utoto wangu. Sisi tulidhani pwani iko vile siku zote, kumbe yule mtu mzima aliyetangulia mbele alikuwa ameshatazama mwezi, ameshatazama upepo, ndipo akasema leo twendeni. Bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kwetu hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Yakijaa saa kumi, basi saa nne asubuhi yamekupwa, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji sana. Haya kila mtoto wa mvuvi anayajua, mimi nilisoma mpaka chuo kikuu bila kuyajua.

Nikarudi Novemba ya mwaka ule ule, kusi imekwisha na kaskazi haijaanza. Saa tatu asubuhi, maji yanatoka. Mchanga uleule, na wanawake wanashuka mwambani na vijiti vyao kuchokoa pweza. Mivinje miwili niliyokuwa nikiipanda imeanguka kweli, mizizi juu. Hilo limeniuma na bado linaniuma. Lakini mwanangu aliyekuwa na hofu alikaa saa nzima kwenye shimo moja la kaa, akingoja mwenyewe atoke.

Nani mwingine amerudi? Ulikuta nini?

Kusini Kwetu

Shukrani mkuu kwa uzi. Mimi ni Msimbati, Mtwara. Nilisoma sekondari mjini miaka ya tisini, tukienda kule nyuma ya lori la mtu. Nilirudi 2019. Siku hizi kuna hifadhi ya bahari, ile ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma iliyoanzishwa 2000, na visima vya gesi inayokwenda mpaka Dar kwa bomba tangu 2015. Wenyeji wangu wote wana la kusema kuhusu gesi, lakini hilo lina uzi wake.

Msimbati watu huendesha gari juu ya mchanga wa ufukweni. Nami nikateremka na Noah saa nne, maji yako mbali kabisa. Saa saba nataka kugeuza, tairi za nyuma zikazama. Kila nikikanyaga mafuta inazidi kwenda chini, na maji nayaona yanakuja. Vijana wa kijiji walifika bila kuitwa. Wa kwanza alizima gari yeye mwenyewe, akatoa ufunguo akautia mfukoni. Wakapunguza upepo matairi yote manne, wakafukua kwa mikono, wakatandika makuti chini ya kila tairi, ndipo akanirudishia ufunguo na kuniambia, "Pole pole mzee, usiivute." Ikatoka. Wimbi la kwanza lilipofika pale palikuwa na shimo na makuti tu. Msiteremshe gari bila kumuuliza mwenyeji, nawasihi.

Mpwani254

Kwangu ni Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, upande wa bahari kuu. Nilirudi mwezi wa saba, nahodha akakataa katakata kutoka. Nimemwongezea pesa, kakataa. Nikangoja siku tatu Lamu nikiwa nimekasirika. Siku ya nne tukapita njia ya ndani, na tulipopanda kilima na kuuona upande wa pili, mimi mwenyewe nilisema hapa ningekufa.

Mgeni wa Pemba

Samahani, ukitoka Chake unafikaje huko Vumawimbi?

Mwana wa Konde

Daladala ya Konde, kisha bodaboda kupitia Ngezi, na mpatane kabisa saa ya kukufuata. Beba maji na chakula. Unapita vijijini, kwa hiyo vaa nguo ya heshima.

Bint Wete, Maskati

Nimesoma huku nalia. Mama yangu aliondoka Pemba akiwa msichana, tukamrudisha 2018, miguu haimbebi tena. Vijana wawili wa Makangale walimbeba kwenye kiti cha plastiki mpaka chini, wakakataa malipo. Akataka awekwe pale ambapo wimbi linagusa vidole tu. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Yanajaa, nisogezeni." Sisi hatukuona tofauti yoyote. Akatuonyesha kwa kidole mashimo ya kaa karibu na kiti, mapovu madogo madogo yanatoka. Miaka hamsini Oman, na hilo hajalisahau. Tulimsogeza mara tatu siku ile, na kila mara yeye ndiye aliyetangulia kuyaona maji.