Akili inaganda kila mchana, hasira zimezidi. Ni maji au naumwa? Ushauri tafadhali

Kimya_Kingi (mleta mada)
Heshima kwenu wakuu. Mimi ni mhasibu, miaka 34. Huu mwezi wa nne sasa asubuhi naamka mzima, ila ikifika saa nane mchana paji la uso linagonga, akili inaganda, mstari mmoja nausoma mara tatu. Juzi nimeandika 86 mahali pa 68, sikuona mpaka bosi aliponirudishia hesabu mbele ya wenzangu. Hasira nazo ziko karibu, nafoka kwa jambo dogo kisha naenda kulia peke yangu. Usiku nikiwa nyumbani hali inapoa. Nimesoma mahali kwamba mwili ukipungukiwa maji kidogo tu akili inayumba. Ni kweli? Mtu anywe lita ngapi? Nimekwama.

Chura_wa_Mtoni
Lita tano kwa siku! Ubongo sehemu kubwa ni maji. Mimi natembea na dumu langu na sijui hasira ni nini.

Mzee_Taratibu
Kijana, lala mapema. Mnalala na simu kifuani halafu mnatafuta mchawi kwenye maji.

Nesi_wa_Usiku
Chura, usimpeleke mwenzio shimoni. Figo hutoa takriban lita moja kwa saa. Ukiyabugia kuliko hapo kwa saa kadhaa, sodiamu kwenye damu inashuka, seli za ubongo zinavimba, mtu anachanganyikiwa, na wapo waliokufa. Mleta mada, tangu uamke hadi hiyo saa nane unakunywa nini? Na mkojo una rangi gani?

Kimya_Kingi
Kikombe kimoja asubuhi. Mkojo ni njano iliyokolea. Nakuwa bize tu, nasahau.

Msomi_Pembeni
Swali lako lina majibu, yamepimwa. Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, waliwapunguzia maji vijana wenye afya. Wanaume, mwaka 2011, walipopungukiwa kama asilimia 1.6 ya uzito wao walianza kukosea kwenye kazi za kukaa macho, kumbukumbu ya papo kwa papo ikawa nzito, uchovu na wasiwasi vikapanda. Wanawake, 2012, ilitosha asilimia 1.36: kichwa kuuma, moyo kuwa mzito, kazi kuonekana ngumu. Ila majaribio mengi ya akili waliyafanya vizuri kama kawaida. Hilo watu hulisahau. Kilichoharibika zaidi ni hali ya moyo.

Kwa mtu wa kilo 60, asilimia 1.36 ni kama mililita 800. Hujafika kuzimia wala nini, ni asubuhi moja bila kunywa ukijumlisha na usiku uliopita. Kuhusu lita: Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2010 iliweka lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanaume, ukihesabu na maji yaliyomo kwenye chakula.

Jani_la_Mwisho
Baba yangu alianza kutuita kwa majina ya ndugu zake waliokufa. Tukasema basi, uzee umefika. Nililia sana wiki ile. Kumbe alikuwa hanywi, maana kiu ya wazee hufifia na wala hawaisikii. Kupewa maji kwa siku chache akaniita jina langu. Nikikumbuka tulivyokuwa tumeshagawana zamu za kumlinda... Samahani, si mada.

Nesi_wa_Usiku
Asante kwa kusema, Jani. Mleta mada, nakurudia. Mwili una kengele yake. Damu ikikolea kidogo tu, ubongo unaita kiu na kuziamuru figo zibane maji. Kusahau siku moja sawa, lakini miezi minne? Kuna kinachokuzuia kunywa?

Kimya_Kingi
Choo kiko mbali na ofisi. Lakini naona tunatoka nje ya swali.

Kidole_Juu
Hii chai, wakuu. Akaunti ya juzi. Kwanza yuko bize, sasa choo kiko mbali. Mhasibu gani hesabu zake mwenyewe hazifungi? Kesho mtaona namba ya muuza dawa hapa.

Chura_wa_Mtoni
Kama ni chai basi anywe, angalau ina maji 😂

Mzee_Taratibu
Nami nilianza kushtuka. Watu wanatunga visa siku hizi.

Kimya_Kingi
Sitaki kuuza kitu. Choo kiko milango miwili kutoka mezani kwangu, hapo nilidanganya.

Nina mtoto wa miezi saba. Tangu nijifungue nikikohoa, nikicheka au nikiinuka ghafla mkojo unatoka. Wiki ya kwanza niliporudi kazini niliinuka kwenye kikao, kiti kikawa kimelowa. Mwenzangu mmoja aliona akageuza uso. Tangu siku ile sinywi mpaka nifike nyumbani. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye droo, naipeleka mwisho wa mwezi. Na msiniambie nisiache, hamjakalia kile kiti.

Nesi_wa_Usiku
Pole sana mdogo wangu. Unanyonyesha?

Kimya_Kingi
Ndiyo.

Nesi_wa_Usiku
Basi wewe unahitaji kama mililita 700 zaidi ya zile lita 2. Wengi wanaobanwa na shida yako hufanya hivyo hivyo, wanajikausha. Lakini mkojo uliokolea unaweza kukichokoza kibofu, ukaenda chooni mara nyingi kwa matone.

Kulegea kwa misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobana mkojo, kuna tiba. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuhusu mazoezi ya kuibana tangu 1948, na hadi leo ndiyo huanza kabla ya dawa au upasuaji: kubana mara 8, mara tatu kwa siku, angalau miezi mitatu, ukielekezwa na mtaalamu, maana wengi hubana tumbo wakidhani ndiyo hayo. Maji kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi.

Na hicho kilio usikisukumie kwenye maji peke yake. Mama mwenye mtoto wa miezi saba anayelia mafichoni aulizwe pia kuhusu sonona baada ya kujifungua, na apimwe damu. Mwambie daktari yote mawili, kiti na machozi.

Kidole_Juu
Dada, nisamehe. Mke wangu aliacha kwenda kwenye mikusanyiko mwaka mzima, akisema amechoka na watu. Nasoma hapa ndiyo naelewa.

Kimya_Kingi
Mrejesho, siku tisa. Nakunywa vikombe vitatu kabla ya saa sita. Kichwa kimeacha kugonga tangu siku ya nne. Hesabu zimefunga, ingawa wiki hii kazi ilikuwa ndogo, sitaki kuyapa maji sifa zote. Jumanne nimelowa tena, nilikuwa na nguo ya akiba. Kliniki ni Alhamisi, nitasema yote mawili. Barua bado iko kwenye droo.

Swali moja: nikihisi kikohozi kinakuja, nabana kabla au wakati nakohoa?

Nesi_wa_Usiku
Kabla. Bana, kohoa, halafu ndiyo uachie.