Mwaka mzima Ujerumani, begi moja la kilo 23: niweke nini?

binti_chumbageni
Shikamooni wakubwa, wa rika langu mambo. Nimepata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja kwenye nyumba ya wazee Hamburg. Visa imetoka wiki iliyopita, naondoka mwanzoni mwa Machi. Nimezaliwa na kusoma Tanga mjini, baridi kali niliyowahi kuipata ni ya Lushoto, tena nilivaa masweta mawili wenzangu wakanicheka. Mama ameshanunua blanketi la kilo karibu nne. Anataka pia niende na samli na nyama ya kukausha. Baba mdogo naye anasema ninunue makoti matatu Karume nikipita Dar. Nichukue lipi niache lipi?

kanga_nne
Marahaba mdogo wangu, hongera. Nilikaa mwaka kama huo kwa wazee, si Hamburg ila kaskazini hukohuko.

Blanketi mwachie mama. Nyumba zao zina joto la mabomba, ndani utashinda na fulana. Baridi iko kati ya mlango na kituo cha basi. Chukua koti moja, refu, lisilopitisha maji, kwani Machi ya kule ina mvua na upepo kuliko theluji. Langu nililipata hapohapo Karume kwa elfu thelathini. Kabla hujalipa, pandisha na ushushe zipu mara kumi. Yangu ilikwama siku ya pili, mpaka Mei nikawa nalivaa kwa kupitisha kichwani kama kanzu. Soksi nzito na glovu utanunua kule.

Samli na nyama usithubutu. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu. Kopo langu la samli lilichukuliwa uwanja wa ndege. Yule afisa alilifungua, akanusa, akatabasamu, halafu akalitupa. Bora asingenusa. Nazi na ndizi zinaruhusiwa, embe linadai cheti. Ila nazi ya nini, tui la kopo limejaa madukani.

Beba visheti. Sitanii. Nilifika Jumamosi usiku, na Jumapili maduka ya Ujerumani yanafungwa, labda yale ya kwenye stesheni kubwa. Mwenyeji wangu alikuwa safarini, jokofu lina haradali tu. Nilikula visheti na maji ya bomba mpaka Jumatatu asubuhi.

Na kanga. Nilichukua jozi mbili: taulo, shuka, pazia, zote ni kanga. Moja iliandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio." Bibi mmoja niliyekuwa namwogesha aliiona begani kwangu akataka kujua maana yake. Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Nikamchorea jahazi na nyota kwenye karatasi ya leso. Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa, maana alikuwa anasahau. Mwisho wa mwezi nilikuwa naieleza bila kuchora. Kanga nilimwachia.

pini_tatu
Nyongeza ndogo. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kule, matundu yao ni mawili ya duara. Umeme ni uleule volti 230, kwa hiyo adapta inatosha. Nunua mbili. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa, mkataba na karatasi za bima viwe begi la mkononi. Ukishahamia una wiki mbili tu za kujiandikisha makazi, na lazima mwenye nyumba akuandikie barua kwamba unaishi kwake. Iombe leo, kabla hujapanda ndege. Mimi niliona aibu kumsumbua mwenyeji, nikaja kuhangaika.

nesi_wa_zamu
Mwanangu, hakuna aliyekutajia malaria. Unaweza kuondoka Tanga nayo mwilini ikakulipukia huko. Ukipata homa miezi ya mwanzo usiseme ni mafua ya baridi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, utamke mwenyewe kwamba umetoka eneo la malaria na upimwe. Daktari wa huko anaweza asiifikirie. Na ukirudi baada ya mwaka, ile kinga mwili ulioijenga kwa kuumwaumwa tangu utotoni itakuwa imepungua. Usirudi na maringo ya mtoto wa mjini, ingia kwenye chandarua.

kanga_nne
Nesi kanikumbusha mambo ya mwili. Hita zinakausha ngozi vibaya. Mafuta ya nazi beba, ila yataganda kama mshumaa, ukitaka kuyatumia ni kuchokoa kwa kijiko. Nywele suka kabla ya kuondoka na uweke pakiti kadhaa za rasta kwenye begi. Kusuka kule ni bei ambayo sitaitaja hapa, mama yako asije akaisoma.

binti_chumbageni
Ahsanteni sana. Nesi, shikamoo, nimeandika kila ulichosema. Barua ya mwenyeji nimeiomba jana na imefika leo kwenye barua pepe. Begi nimelipima kwenye mizani ya duka la mchele: kilo 21 na nusu, koti nitalivaa. Zipu nimeijaribu mara kumi na mbili. Mama kaanza kukaanga visheti, samli anasema wataila wenyewe. Blanketi bado tunabishana.