Re: Texas kubeba bastola bila leseni, wenye viza someni hapa

Dada wa Houston aliandika:

Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nasikia ile sheria ya Texas HB 1927, aliyoisaini gavana Abbott mwaka 2021, inasema kwamba tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 anabeba bastola kiunoni bila leseni wala darasa. Mdogo wangu yuko chuo hapa kwa viza ya F-1, anatoka maktaba usiku sana na mtaa wake hauna amani, wenzake wanamwambia anunue tu sheria imeshalegezwa. Ni kweli anaruhusiwa?

Mdau wa Fort Worth akajibu:

Marahaba dada. Mwambie asiguse. Asinunue, asiazime, asimtunzie mtu. Texas imefuta ulazima wa leseni yake, haijafuta sheria ya serikali kuu ya Marekani, na hiyo inasema aliyeingia kwa viza ya muda, iwe F-1 ya masomo, B-2 ya kutembea au H-1B ya kazi, haruhusiwi kuwa na bunduki wala hata risasi, kifungo mpaka miaka 15, ukitoka huko ni ndege ya nyumbani. Kuna upenyo kidogo kwa mwenye leseni ya kuwinda ila asiuchezee kabla hajaonana na mwanasheria wa uhamiaji.

Kinachoniuma kwenye hii sheria ni hiki: kabla ya Septemba 2021 ukitaka kutembea na bastola hapa ulikuwa unakaa darasani masaa manne mpaka sita, unapiga shabaha mwalimu anakuangalia, unachukuliwa alama za vidole, unalipa dola 40, na humo njiani alikuwepo mtu anayekagua makaratasi yako anakwambia wewe hapana, rudi. Huyo mtu sasa ameondolewa. Kijana atanunua kwa jirani, maana mauzo ya mtu na mtu Texas hayana cha kuchekiwa rekodi, ataitupia kwenye gari, siku atasimamishwa kisa taa ya nyuma imeungua, na wa kwanza kumwambia kuwa haruhusiwi atakuwa askari mwenye pingu mkononi.

Akienda dukani ni balaa jingine. Ile fomu 4473 unayojaza ukinunua bunduki dukani inauliza uraia, wapo wanaotiki raia wa Marekani ili mambo yaende, hapo umedanganya kuwa wewe ni raia na kosa hilo linaweza kukufungia grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) maisha yako yote hata ukija kuoa mwenyeji. Na zile picha za wikendi kwenye uwanja wa shabaha, kijana kashika bunduki ya AR-15 kaweka status WhatsApp, jamani futeni na msirudie, kuishika tu kunaweza kuhesabiwa ni kuwa nayo.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa, ila akipatikana na hatia ya silaha, hata ndogo, anaweza kufukuzwa nchini, wakati jirani yake raia kwa kosa hilohilo analipa faini anaenda zake kulala. Kwa hiyo ukiona bango limeandikwa 30.06 (hakuna bastola ya kufichwa) au 30.07 (hakuna bastola ya kuonekana) mlangoni, au 51% nyekundu kwenye baa, yaani hapo bastola hairuhusiwi, usiingie nayo.

Mama wa Dallas:

Asante baba, umeniokolea mtoto wa dada yangu. Na kanisani kwetu je? Watu wanaweza kuingia nazo ibadani?

Mdau wa Fort Worth:

Mama shikamoo. Tangu 2019 mwenye leseni anaingia nayo kanisani isipokuwa kanisa lenyewe likikataa, na hii sheria ya 2021 imeleta bango lake la 30.05 kwa wasio na leseni. Wazee wakae waamue mapema, wakikataa wabandike yote matatu kila mlango, herufi zisipungue inchi moja, Kiingereza na Kispanyola ndivyo sheria inavyotaka. Halafu pasta atangaze kwa Kiswahili, wengi wetu pale hizo mbili bado zinatupiga chenga.