Nimepasuliwa rovu, sauti si ile. Nirudi kuimba harusini?

BintiLangoni: Assalam alaikum wanajamvi. Mimi ni wa Amu, Langoni. Mwaka wa ishirini huu naimba taarabu harusini. Mwaka jana nilitolewa rovu Mombasa, tezi ya shingo yote, maana walikuta saratani. Alhamdulillahi nimeambiwa nimepona, nameza dawa kila siku. Ila sauti! Kuongea naongea, lakini nikipanda juu inakatika kama uzi mbovu. Kabla ya kisu hakuna aliyenigusia habari ya sauti, nami sikujua la kuuliza. Sasa jirani anamwoza bintiye baada ya miezi miwili, ananitaka usiku wa kupamba. Naogopa kujiharibu zaidi, na nawaogopa wanawake wa Amu. Leo wanakutuza, kesho wanakuigiza ulivyokwama. Juzi nilijaribu ubeti mmoja jikoni, nikaishia kulia.

MtuWaShela: Pole dada. Sauti kama yako haikosi hasidi. Kunywa kombe, yale maji ya aya zilizooshwa sahanini, siku saba.

NesiPwani: Kombe anywe, ni shifaa, lakini hapo pamepita kisu. Dada, nyuma ya tezi hiyo hupita neva zinazoendesha nyuzi za sauti, na kuna kijitawi kingine kinachozikaza ili sauti ipande. Kikiguswa, mtu huongea vizuri tu ila juu hafiki. Neva iliyovutwa bila kukatwa huweza kurudi polepole, hata ikachukua mwaka. Una miezi mingapi? Mwone daktari wa masikio, pua na koo apitishe kamera puani azitazame nyuzi zenyewe. Kabla ya hapo sisi sote humu tunabahatisha. Na dawa unaimeza vipi? Homoni ya tezi ikipungua mwilini, sauti huwa nzito, ikakwaruza.

BintiLangoni: Miezi minane. Naimeza asubuhi, na mahamri na chai ya maziwa.

NesiPwani: Ewe! Imeze kwa maji matupu, tumbo tupu, ukae nusu saa au saa nzima ndipo unywe chai. Chakula na maziwa huizuia isiingie vizuri. Kisha upimwe damu tena, wasikuongezee dozi kumbe tatizo ni chai.

KinandaMalindi: Shikamoo shangazi. Mimi hupiga kinanda, nitasema la kazi yangu. Kwani lazima uimbe pale pale pa zamani? Kinanda kina kitufe cha kuteremsha wimbo mzima chini, si kupunguza kelele, anayekupigia ashushe hadi utakapokaa bila kukaza shingo. Ukumbini hakuna atakayejua, watu wanasikiliza maneno na madaha. Bi Kidude alikwaruza mpaka uzeeni, nani alimuuliza mbona hapandi juu? Nyimbo mbili zatosha, kiitikio wachukue wenzako.

Halafu kuna kisa nilichopewa na mzee mmoja wa Kitaliano hapa Malindi, mpenzi mkubwa wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa. José Carreras, mwimbaji wa opera wa Uhispania, alipatwa na saratani ya damu mwaka 1987, akabadilishwa uboho. Mwaka 1988 akaimba tena kwao Barcelona, na 1990 akasimama Roma na waimbaji wenzake, Pavarotti na Domingo. Na waimbaji wa opera, ndani ya kumbi zao, kwa kawaida huimba bila maikrofoni, okestra nzima ikiwa mbele yao. Wewe maikrofoni unayo.

MtuWaShela: Sasa huyo naye alikatwa koo?

KinandaMalindi: Hapana, ugonjwa mwingine. Nasema habari ya kurudi.

MamaMkomani: Mwanangu, usinong'one ukidhani unaipumzisha sauti, na acha kukohoakohoa kusafisha koo. Yote mawili huchosha. Piga funda la maji. Na hao wa kuigiza niachie mimi, nitakaa safu ya mbele.

BintiLangoni: Nimewasoma nyote, Mola awalipe. Jumatatu naivukia Mokowe nipande basi la Mombasa, kwa daktari wa koo. Jana usiku mpwa wangu alishusha kinanda, nikamaliza ubeti bila kukatika. Umekuwa mzito, mgeni kidogo masikioni mwangu. Mama harusi nimemwambia daktari akiniruhusu ni nyimbo mbili tu, na asinitangaze. Akacheka. Kumbe alishatangaza tangu mwezi jana.