Chaser yangu: nichomelee difu, niweke Torsen ya mtumba au LSD mpya ya sahani? (Kigoma)

Mgebuka100
Wakuu habari za majukumu. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Nina Toyota Chaser, difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) imeanza kuvuma kuanzia spidi 60, na nikikanyaga mafuta kwenye kona yenye maji gurudumu la ndani linazunguka bure. Ule mlima wa kutoka stesheni kuja Mwanga, mvua ikinyesha, unanitesa kweli. Fundi amefungua akasema spaida zimekwisha, zile gia ndogo za ndani ya difu zinazoruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti.

Sasa kwa kuwa pesa itatoka tu, nataka itoke mara moja. Fundi anasema tuchomelee spaida yaishe, magurudumu yazunguke pamoja daima. Rafiki yangu wa Dar anasema kuna difu ya mtumba yenye Torsen, inayozuia gurudumu kuzunguka bure kwa kutumia gia. Mimi mwenyewe moyo wangu uko kwenye LSD (difu yenye kubana) mpya ya sahani. Na ekseli je, nibadili au nibaki nazo? Bajeti ni milioni moja na laki nane. Kuna mtu anasafiri kwenda Dar Jumatatu, naombeni ushauri kabla hajaondoka.

Isevya_Boy
Chaser ipi mkuu? Injini gani? Gia za mkono au otomatiki? Tairi za nyuma saizi gani? Unaendea kazini au unacheza nayo? Umeuliza dawa bila kusema unaumwa nini.

FundiMzee_Gungu
Kijana, kabla hujanunua chochote, huyo fundi wako amekosea jambo moja. Spaida hazivumi gari ikienda moja kwa moja, kwa sababu hapo zinazunguka pamoja na nyumba yake, zenyewe kwa zenyewe hazisagani. Zinasagana kwenye kona. Uvumaji wa spidi 60 barabara iliyonyooka ni beringi ya gurudumu, au beringi za pinioni, au meno ya krauni na pinioni yenyewe, yaani gia kubwa ya difu na ndogo inayoizungusha.

Fanya hivi. Tafuta barabara tupu, shika spidi 70. Kanyaga mafuta, kisha achia. Sauti ikibadilika unapoachia, tazama pinioni na krauni. Isipobadilika, yumbisha gari taratibu kulia na kushoto. Ikizidi ukielekea upande mmoja, hiyo ni beringi ya gurudumu la upande unaobeba uzito. Nimeona watu wakishusha difu nzima kwa ajili ya beringi ya gurudumu.

MamaSpea_Mwanga
Kaka, mimi nauza spea hapa hapa Mwanga, na ushauri wangu hautabadilika: chukua mtumba wa Japani, lakini chukua seti. Difu, ekseli zote mbili, flenji zake (visahani vya kufungia bolti) na propela kama inawezekana. Mteja akinunua difu peke yake, wiki ya pili anarudi kwangu kutafuta flenji, kwa sababu tundu za bolti hazikutani.

Na huyo anayekwenda kutafuta spea mtaa wa Gerezani, Dar, mwambie asikubali difu iliyosafishwa. Afungue bolti ya kumwagia oili, ile yenye sumaku. Ukiona tope laini jeusi kama wanja, hiyo kawaida. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, arudishe bolti aondoke. Kisha ashike flenji ya pinioni aitikise juu na chini, isicheze hata kidogo.

Mgebuka100
Samahanini wakuu, niliandika nikiwa kazini. Ni Chaser GX100 ya mwaka 1998, lakini 1G, injini yake ya kiwandani, haipo tena. Mwaka jana niliweka injini ya turbo, 1JZ-GTE yenye VVT-i, na gia boksi ya mkono ya R154. Difu na ekseli ni zile zile za 1G. Tairi ni 225/45 rimu 17. Naendea kazini, na mwisho wa mwezi naenda Kasulu kwa wazazi. Kucheza nacheza kidogo.

Isevya_Boy
Mkuu, hiyo ndiyo ilitakiwa kuwa sentensi ya kwanza! Ile 1JZ inatoa farasi 280 na torki Nm 378, karibu mara mbili ya ile difu yako ilivyozoea. Piga hesabu: gia ya kwanza ya R154 ni 3.251. Ukiwa na difu ya ratio 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja), 378 mara 3.251 mara 4.1 ni kama Nm 5,000 zinazogawanywa na ekseli mbili ukitoka kwa nguvu zote. Difu ya 1G ina krauni ndogo kuliko ya Tourer V, ile Chaser iliyotoka kiwandani na 1JZ ya turbo. Hata ukiiwekea LSD ya dhahabu, meno ni yale yale.

Mimi naona jibu ni moja. Difu ya Tourer V, ambayo za gia za mkono nyingi zilitoka na Torsen kiwandani, pamoja na ekseli zake.

Cheyo_Kwanza
Naomba nieleze yaliyonikuta, kwa sababu mimi nilikuwa hapo ulipo, gari aina hiyo hiyo na injini hiyo hiyo.

Nilichomelewa difu hapa Tabora, gereji siitaji. Fundi alitoa kifuniko cha nyuma, akamwaga oili, akafuta kwa tambara na kuanza kuchoma kwa fimbo za kawaida difu ikiwa bado ipo chini ya gari. Moshi wa oili ulikuwa unatoka ndani wakati anachoma. Nilisimama pale nikaona, nikanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wiki za kwanza nilifurahi. Kwenye mchanga gari inatoka kama trekta. Lakini kila nikikata kona ya sokoni matairi yanalia kwenye lami, watu wanageuka, na usukani unanisukuma nje. Miezi miwili tairi za nyuma zimeisha. Baadaye nikaanza kusikia "ti, ti, ti" nikikunja kona, nikasema ni sivijointi (viungo vya ekseli), nitaangalia mwisho wa mwezi.

Siku hiyo natoka Urambo, yapata saa mbili usiku. Nimepita tuta, nakanyaga mafuta gia ya pili, nikasikia kishindo kimoja. Gari ikaendelea kwenda, ila ikawa inavuta upande nikikanyaga, na ikibadili upande nikiachia. Nikadhani ni tairi. Kumbe ekseli ya kushoto ilikuwa imekatika, na kwa kuwa difu imechomelewa, gurudumu la kulia lilikuwa linaivuta gari peke yake, mzigo wote kwenye ekseli moja. Nikaenda hivyo kilomita kama nne. Kisha chomeo nalo likaachia. Hapo injini inanguruma, gia imeingia, gari imesimama kabisa, maana nguvu yote ilikuwa inakimbilia upande uliokatika.

Nililala porini. Alfajiri dereva wa Fuso iliyobeba tumbaku alinivuta, Mungu ambariki. Tulipofungua, ekseli ilikuwa imejinyonga kama kamba karibu na meno ya mwisho. Na kipande cha chomeo, ukubwa wa punje ya maharage, kilikuwa kimepita kati ya krauni na pinioni, meno matatu hayapo. Pesa niliyookoa kwa kuchomelea ililipa mara nne.

Usichomelee. Nakuomba.

Kaliua_4x4
Pole sana ndugu yangu, ila tusiilaumu njia kwa kosa la fundi. Mimi nina pikapu ya shamba imechomelewa mwaka wa tatu huu. Spaida zilitolewa nje, zikachemshwa kwa sabuni ya unga, zikapashwa moto kwanza, zikachomwa kwa fimbo za aina sahihi, halafu zikafukiwa kwenye majivu zipoe polepole usiku kucha. Haijaachia.

FundiMzee_Gungu
Kaliua, umefanya kazi kwa adabu na nakupongeza. Chuma cha gia ngozi yake ni ngumu, kikipoa ghafla kinapasuka kama chungu kilichomwagiwa maji, ndiyo maana majivu yalikusaidia. Lakini pikapu yako iko shambani, udongo unateleza na ekseli inapumzika. Huyu anakwenda Kasulu, lami mwanzo mwisho. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, ukiyafunga pamoja lazima kitu kimoja kiumie: tairi, sivijointi au ekseli.

Ujiji_Redline
Nakubali asichomelee, ila Torsen nayo mnaisifia mno. Torsen inalipa gurudumu lenye mshiko mara kadhaa ya kile linachopata gurudumu linaloteleza. Sasa kama gurudumu moja limenyanyuka hewani linapata karibu sifuri, na sifuri mara yoyote ni sifuri! Huku kwetu Ujiji kuna vichochoro unaingia na tairi moja iko juu. LSD ya sahani inabana hata hapo. Kuna chapa za Cusco, Kaaz, OS Giken, chagua. Weka ya njia moja na nusu: inafunga ukikanyaga, inafunga kidogo ukiachia. Ya njia mbili waachie wanaodrifti.

MamaSpea_Mwanga
Kaka Redline, kwa bajeti ya milioni moja na laki nane? Hizo mpya zinamaliza hela kabla hajagusa ekseli. Na sahani zinaisha kama klachi.

Ujiji_Redline
Dada, zinaisha ukiweka oili ya duka la kona. Zinataka oili ya LSD, daraja la GL-5. Zikiwa mpya unazizungusha uwanjani taratibu, mduara wa nane, kushoto na kulia, kisha unamwaga oili ya kwanza mapema. Nimefanya hivyo kwenye Altezza yangu, nina raha.

FundiMzee_Gungu
Ukipata tairi hewani ukiwa na Torsen, vuta handibreki meno mawili huku unakanyaga mafuta polepole. Breki inalipa gurudumu tupu kitu cha kupinga, na la pili linapata nguvu.

Ila kijana, yeyote utakayemsikiliza, anayefunga lazima awe na geji ya saa. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni ni milimita 0.13 hadi 0.18, haipimwi kwa kutikisa kwa mkono na kusema "iko poa". Apake rangi kwenye meno, azungushe, aone inagusa katikati. Na nati ya pinioni ikifunguliwa, ile bushi inayobonyea ndani inawekwa mpya.

Tumbi_Girl
Samahani naingilia. Akiweka difu ya ratio tofauti, spidomita itadanganya? Ya kwangu inasoma 100, malori yananipita.

Isevya_Boy
Ndiyo dada, inahesabu kutoka gia boksi, haijui difu imebadilika. Ukitoka 4.1 kwenda 4.3 inakuonyesha karibu asilimia 5 zaidi ya mwendo wako wa kweli. Hesabu meno ya krauni: 41 kwa 10 ni 4.1, 43 kwa 10 ni 4.3. Gari lako ni lipi?

Tumbi_Girl
Verossa. Niliinunua hivyo, sijui aliyetangulia aliweka nini.

Ujiji_Redline
Tairi saizi gani? Inaweza kuwa tairi ndogo tu.

Mgebuka100
Wakuu nimerudi. Jana jioni nilifanya jaribio la mzee barabara ya Bangwe. Kukanyaga na kuachia sauti haibadiliki. Nikielekea kulia inazidi, nikielekea kushoto inapungua. Leo nimenyanyua nyuma yote, gia huru: nikizungusha gurudumu moja, la pili linakwenda kinyume. La kushoto nikilishika juu na chini linacheza, na nikiweka kiganja kwenye springi huku mdogo wangu analizungusha, nasikia mkwaruzo kabisa.

FundiMzee_Gungu
Beringi ya kushoto. Badili hiyo kwanza. Na kuzunguka kinyume maana yake difu yako haina LSD ya sahani inayobana; huenda ni ya wazi, isiyo na LSD.

Mgebuka100
Kwa hiyo spaida ziko salama? Difu niiache?

Isevya_Boy
Iache ukiendesha kama mzee wa kanisa. Ukiendelea kucheza na ile 1JZ, tafuta ya Tourer V.

Cheyo_Kwanza
Ekseli angalia mpira wa sivijointi zote nne. Ukiona grisi nyeusi imeruka kwenye rimu kwa ndani, usisubiri mwisho wa mwezi kama mimi.

MamaSpea_Mwanga
Kaka, nitumie picha ya kile kibati cha ndani ya boneti, palipoandikwa TRANS/AXLE, yaani namba za gia boksi na difu. Huyo wa Jumatatu anaondoka saa kumi na moja alfajiri.

Mgebuka100
Kibati kimepakwa rangi juu yake, namba hazisomeki. Nasugua na tina sasa hivi.