Msaada wakuu: gemu la Red Dead Redemption 2 linagoma kwenye Linux Mint

MtuWaUyole
Habari za jioni wakuu. Nipo Uyole, Mbeya, baridi linauma na gemu linagoma, sijui nilie na lipi.

Laptopu ni ya mtumba: i5 kizazi cha 9, RAM GB 8, kadi ya NVIDIA GTX 1650 yenye GB 4. Niliweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, pembeni ya Windows kwa ajili ya masomo, nikanogewa. Gemu nililinunua Steam, duka la magemu la mtandaoni, wakati wa punguzo, ila kushusha zaidi ya GB 100 kwa bando la simu ni sawa na kuuza shamba. Jamaa yangu wa Mwanjelwa analo, akanikopia folda kwenye diski ya nje, nikalibandika kwenye ile D ya Windows. Steam ikakagua mafaili, ikasema safi.

Sasa nikibonyeza Play, kitufe kinakuwa Stop, sekunde tano hivi, kinarudi Play. Hakuna ujumbe wowote. Nimejaribu matoleo matatu ya Proton (kile cha Steam cha kuendeshea magemu ya Windows ndani ya Linux), nimefuta Steam na kuiweka upya. Ni kama mtu anapiga hodi halafu anakimbia. Nawasilisha.

Chifu_wa_Kabwe
Rudi Windows mkuu, maisha mafupi.

DadaKihesa
Iringa hapa. Kaka, achana kwanza na kubadili Proton. Hiyo "D ya Windows" ndiyo imenishtua. Ni NTFS, ule mpangilio wa mafaili wa Windows, sivyo?

Proton ikifungua gemu mara ya kwanza inajenga Windows ya bandia ndani ya folda la compatdata, na inaliweka kwenye diski ileile lilipo gemu. Humo kuna viungo vyenye majina kama c: na z:, wakati Windows haikubali nukta mbili kwenye jina la faili. Halafu ruhusa za mafaili ambazo Linux inazitaka, NTFS mara nyingi haizishiki. Ujenzi unakwama, gemu linazimika kimyakimya.

Usishushe upya. Ukiwa na nafasi kwenye diski ya Linux yenyewe, ingia Settings za Steam, Storage, chagua gemu, Move. Kisha kwenye Launch Options andika:

`PROTON_LOG=1 %command%`

Likigoma tena utakuta faili la steam-1174180.log kwenye folda lako la nyumbani. Lete mistari ya mwisho. Usilete picha ya skrini iliyopigwa kwa simu gizani, tumeteseka vya kutosha.

MtuWaUyole
Dada ubarikiwe! Limefunguka. Theluji ya mwanzo nimeiona kwa macho yangu.

Ila sasa ni slaidi. Farasi anainua mguu, nakunywa chai, anaushusha. Fremu 4 kwa sekunde, tena nimeshusha kila kitu hadi chini. La ajabu, feni imenyamaza kabisa.

FundiSoweto
Gemu zito na feni imenyamaza? Kadi yako imelala mkuu, mzigo wote anabeba Intel, ile kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa. Fungua terminal, andika `nvidia-smi`, tuletee jibu.

MtuWaUyole
"NVIDIA-SMI has failed because it couldn't communicate with the NVIDIA driver."

Lakini draiva niliiweka mwenyewe kwa Driver Manager, naapa.

FundiSoweto
Nakuamini. Wakati unaiweka uliombwa kutunga nenosiri? Na ulipowasha upya, kilitokea kiskrini cha bluu?

MtuWaUyole
Kilitokea! Nikadhani Windows inataka kurudi kwa nguvu, nikapiga Enter haraka kikapotea.

FundiSoweto
😂😂 Hapo ndipo ulipojifungia nje. Laptopu yako ina Secure Boot, mlinzi wa wakati wa kuwaka, haipokei draiva isiyo na saini inayoitambua. Mint ilitengeneza ufunguo, ikaisaini draiva, ikakuletea kile kiskrini ili wewe mwenye mashine uukubali ufunguo. Wewe ukapiga Enter kwenye Continue boot. Draiva ipo kwenye diski, ila mlangoni inakataliwa kila siku.

Omba tena:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Tunga nenosiri jepesi, tarakimu tupu, ni la kutumia mara moja tu. Washa upya na usiende kuchota maji, kiskrini kinasubiri sekunde chache tu. Chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika nenosiri, Reboot.

Atatokea mtu akwambie uzime Secure Boot kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Inafanya kazi, ila kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na laptopu ya mtumba huo ufunguo huenda anao mwenye nayo wa kwanza.

Kadi ikishasoma kwenye nvidia-smi, andika `sudo prime-select nvidia` ili NVIDIA ndiyo ibebe mzigo, utoke na kuingia tena. Betri itaisha upesi, cheza chaja ikiwa imechomekwa.

DadaKihesa
Na ndani ya gemu, kwenye njia ya kuchora picha, acha Vulkan, usihamie DirectX 12. Vulkan Linux inaielewa moja kwa moja, DirectX lazima itafsiriwe kwanza. Funga na kivinjari, GB 8 ndiyo kiwango cha chini kabisa cha gemu hilo. Dakika za mwanzo litakuwa linashtuka-shtuka, linaandaa sheda (vijiprogramu vya kuchora picha), usikimbilie kulifuta.

Chifu_wa_Kabwe
Na Fortnite je?

DadaKihesa
Hilo halifunguki Linux, chifu. Mfumo wake wa kuzuia udanganyifu wa wachezaji haujaruhusiwa huku. Kwa hilo ushauri wako wa Windows nakubaliana nao.

MtuWaUyole
Mrejesho wakuu. Mara ya kwanza kiskrini kimenipita, umeme ulikatika nikawa natafuta tochi. Mara ya pili nimekaa nacho uso kwa uso. nvidia-smi inaleta jedwali, GTX 1650 imeandikwa wazi. Fremu 38 mpaka 45, michoro ya kati. Feni inalia kama mashine ya kusaga na mikono imepata joto, Uyole hii mtu asinipe pole.

Kijana_Makambako
Nimesoma uzi wote. Mimi pia nimelinunua, bando ndilo limenishinda. Mkuu wa Uyole, hiyo diski ya jamaa wa Mwanjelwa inaweza kupanda basi? Nauli ya mzigo juu yangu.