Naomba ushauri: mdogo wangu anakula unga (heroini), mama anamfichia

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 23, alikuwa konda wa daladala za Mbagala. Alianza na kokteli, ile bangi iliyochanganywa na unga, sisi tukidhani ni bangi tupu (kana kwamba bangi ndiyo afadhali). Jumapili nimerudi kazini nakuta jiko halina mtungi wa gesi, mpira umekatwa kwa wembe. Mama ananiambia umepelekwa kujazwa. Tulijaza juzi!

Mama ndiye ananiumiza kichwa. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikimshika kijana, akianza kutapika na kujikunyata, mama anafungua kanga anatoa elfu tano "akanunue dawa". Anajua fika ni dawa gani.

Soba, zile nyumba za kuachishia unga, tulishampeleka, miezi minne ya kulipia. Alitoka kanenepa, wiki ya pili yuko maskani. Sasa nafikiria methadoni, dawa ya hospitali inayotuliza arosto. Muhimbili wanatoa tangu 2011, Mwananyamala na Temeke pia, bure. Ila dozi inanywewa palepale mbele ya mhudumu, kila siku, hata sikukuu.

Mliopitia haya, mlifanyaje mgonjwa aende kila asubuhi bila kuburutwa? Mama nimwambieje aache kutoa hela, asione namtupa mwanawe? Halafu kuna wa mwisho, kidato cha pili, wanalala chumba kimoja. Nimhamishie kwa shangazi Morogoro, au nitamvurugia masomo bure?

Wenye kejeli pitilizeni tu, jamani.